Mistari ya Mvutaji

Juni, Njombe, ni mwezi wa baridi. Tarehe 26, siku ambayo dunia huadhimisha vita dhidi ya dawa za kulevya, wanafunzi wangu walisimama uwanjani wamevaa masweta, ukungu bado haujainuka, wakaghani ngonjera niliyoitunga mimi. Mbele walikuwa wawili: Mvutaji na Mshauri. Mvutaji alivaa shati lililochanika, akaja akipepesuka, akasema:

Bangi yanipa akili, nchi yote kiganjani,
Mama yangu simjali, siendi tena shuleni.

Mshauri akamjibu kwa beti sita. Kwenye ubeti wa mwisho Mvutaji alipiga magoti, akaomba radhi, wakashikana mikono. Mgeni rasmi akawatunza noti ya elfu kumi. Mimi nikajiona mtunzi.

Leo nataka kuihakiki kazi ile, kwa sababu ni mbaya, na kwa sababu ubaya wake nausikia kila tunapojadili kama bangi ihalalishwe au la.

Nianze na kupepesuka. Wakati wa mazoezi nilimuuliza yule mtoto amejifunzia wapi kutembea vile. Akasema anamwiga jirani yao akitoka kilabuni. Jirani yao havuti bangi. Anakunywa ulanzi, kama nusu ya wazazi waliokuja kutazama. Huku kwetu masika yakianza, machipukizi ya mianzi hukatwa, mbeta ikafungwa chini ya kidonda, na utomvu ukadondoka usiku kucha. Asubuhi ni kinywaji kitamu ambacho hata mtoto hupewa. Ukikaa unachacha, na uliochacha unaangusha. Mtoto alikuwa ameuona ulevi mmoja tu maishani mwake, nao ni ule usiokamatwa na polisi. Nilimwambia, "Vizuri, endelea hivyo hivyo." Nilijua kabisa kwamba nikiutaja ulanzi katika shairi, wazazi hawatapiga makofi.

Kosa la pili limo katika umbo lenyewe. Ngonjera ni majibizano. Mathias Mnyampala aliikuza na kuisambaza nchini baada ya Azimio la Arusha la 1967, ili watu wafundishwe siasa mpya kwa mashairi. Mmoja hajui au anapinga, mwenzake anajua, na mwisho wanakubaliana. Umbo hili lina nguvu yake, lakini linamdai mtunzi uaminifu. Ukimpa anayepinga hoja dhaifu, makubaliano ya mwisho hayana thamani, maana hakuna aliyeshindwa kwa haki. Mvutaji wangu hakuwa na hoja hata moja. Nilimwandikia maneno ambayo hakuna mvutaji aliyewahi kuyasema.

Hili nilikuja kulijua Makambako. Mdogo wangu alikuwa kibarua pale, akipakia mbao na viazi kwenye malori. Makambako ni njia panda: barabara ya kwenda Songea inaachana na ile kuu ya Mbeya, na reli ya TAZARA inapita hapo hapo. Malori hayalali, na anayeyapakia halali pia. Alikamatwa usiku mmoja na misokoto miwili mfukoni. Alikaa mahabusu majuma kadhaa, kisha ikaja faini. Baba akauza nusu eka ya mipaini ambayo haijakomaa, miti aliyoipanda kwa ajili ya uzee wake. Mnunuzi alijua tuna haraka, akatoa bei ya haraka.

Nilipokwenda kumwona baada ya kutoka, nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na beti sita kichwani.

"Kamwene, dada," akasema. Kisha, kabla sijafungua mdomo: "Najua unachotaka kusema. Nimeshakisikia shuleni kwako."

Alikuwapo siku ile, nyuma ya wazazi. Nikamuuliza anavuta kwa nini. Akaniambia kwamba magunia ya saa tisa usiku ni mazito kuliko ya saa tatu, basi. Hakusema bangi inampa akili. Hakusema hamjali mama. Alisema pia kwamba asubuhi nyingine anaamka kichwa kizito na hakumbuki ameweka wapi hela, na hilo linamtia hofu. Katika dakika tano alikuwa ametoa hoja ya kuitetea bangi na hoja ya kuipinga, zote mbili bora kuliko zangu.

Tangu hapo kila mjadala nausikia kama ngonjera, natafuta ni nani aliyenyimwa mistari. Mwaka 2019, bungeni Dodoma, Jumanne Kishimba, mbunge wa Kahama Mjini, alitaka kilimo cha bangi kiruhusiwe kwa ajili ya dawa. Niliyoyasikia mitaani baada ya hapo yalikuwa beti zangu za Mshauri: vijana wataharibika. Hakuna aliyejibu habari ya dawa. Kenya mwaka 2022, George Wajackoyah aligombea urais akiahidi kwamba bangi ya kuuzwa nje italipa deni la taifa. Hiyo nayo ni ngonjera yangu iliyogeuzwa: safari hii Mvutaji ana beti zote, na Mshauri ndiye aliyevalishwa shati lililochanika. Hakufikisha hata asilimia 1 ya kura.

Neno "kuhalalisha" lenyewe linatupotosha. Limebeba halali na haramu, kwa hiyo anayelisikia anadhani anaulizwa kama bangi ni safi au najisi. Ndani yake kuna maswali matatu tofauti. La kwanza: je, mtu mzima anayevuta kwake afungwe? Mwaka 2018 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilijibu kwamba hapana, bila kuruhusu biashara. La pili: je, mkulima aruhusiwe kulima kwa ajili ya dawa na viwanda? Malawi, ng'ambo ya ziwa lile lile ambalo watu wa Ludewa wanavua samaki, ilikubali mwaka 2020 kwa leseni, bila kuruhusu uvutaji wa kujifurahisha. La tatu: je, iuzwe dukani? Kanada ilikubali mwaka 2018. Mtu anaweza kusema ndiyo kwa swali moja na hapana kwa mengine. Kwa neno letu moja, anaambiwa achague upande.

Na sheria, ambayo tunaisoma kana kwamba ni tabia ya mmea, hubadilika mpakani. Mirungi Meru ni zao linalotambuliwa na serikali ya Kenya. Vuka uje Tanzania, kitita kile kile ni kosa chini ya Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya 2015. Hata kwa heroini, iliyo kali kuliko vyote hivi, nchi yetu imeshaandika ubeti mwingine: tangu 2011 Muhimbili inawapa waraibu methadoni, na huduma hiyo imefika mpaka Mbeya. Pale mraibu anaitwa mgonjwa. Mdogo wangu, kwa misokoto miwili, aliitwa mhalifu.

Sisemi bangi iuzwe madukani. Baba yetu mdogo alikufa kwa pombe, na kila tone alilokunywa lilikuwa halali. Kijiji kizima kilimfahamu, hakuna aliyemkamata, na hakuna aliyemtibu. Kwa hiyo siamini kwamba ruhusa ni tiba. Siamini pia kwamba pingu ni tiba. Nimeiona bei yake, ni nusu eka ya miti michanga. Kwa swali la kwanza kati ya yale matatu jibu langu ni kwamba asifungwe. La pili nalipa ndiyo ya tahadhari, nikitaka kwanza kujua kama mkulima wa Ludewa ataimudu leseni. Kwa la tatu, jibu langu ni hapana.

Mwaka huu niliombwa ngonjera tena. Nimemwandikia Mvutaji beti tatu, na Mshauri tatu. Mmoja wa Mshauri unautaja ulanzi. Kabla ya kuzipeleka shuleni nilimsomea mdogo wangu kwa simu. Alinyamaza kidogo, nyuma yake lori likinguruma.

"Ubeti wa pili wa Mvutaji haufai, dada," akasema. "Umemfanya ajue anachotaka."

Nimeufuta. Bado sijaandika mwingine, na tarehe 26 inakaribia.