Bei Imeandikwa Palepale

Saa mbili kasorobo asubuhi, kabla jua la Keko, Dar es Salaam, halijawa kali, mafundi wawili wanalitoa kabati uani na kuliegemeza kwenye ukuta uliopakwa chokaa. Binti anayesimamia kurasa za mitandaoni za karakana hii ya samani hana haraka ya kupiga picha. Anapangusa maranda yaliyonasa kwenye droo, anafungua mlango mmoja na kuuacha nusu wazi, kisha anaomba tepu ya kupimia na kuining'iniza ubavuni, namba zikielekea kamera.

"Mwanangu, watu wananunua kabati au tepu?" fundi mkuu anamtania.

"Wananunua kabati, mzee. Ila kwanza wanataka kujua kama litaenea chumbani."

Anapiga picha ya mbele, ya maungio ya droo, ya bawaba, mwisho anawaomba mafundi waligeuze ili apige mgongo. Mgongoni ndiko mafundi wengi wanakobana gharama kwa kupigilia playwudi laini kama karatasi, na ndiyo maana picha za mgongo ni adimu mitandaoni. Niliwahi kuagiza sofa kwa kupendezwa na picha za ukurasa mmoja, jina naliacha. Lililoshushwa mlangoni kwangu lilikuwa na undugu wa mbali sana na lile la pichani. Tangu hapo, nikiona mtu anapiga picha mgongo wa kabati lake mwenyewe, nasogeza kiti.

Maelezo anayaandika mara tatu. Instagram inaruhusu herufi 2,200, lakini anayepitisha kidole kwenye simu huona mstari mmoja au miwili tu, mingine imejificha. Kwa hiyo mstari wa kwanza ndio anaousugulia msasa. Kwa kitanda kimoja, rasimu ya kwanza ilisema "kitanda kikali cha kisasa". Akafuta "kikali", akafuta "cha kisasa". Kilichobaki: "Kitanda cha mninga, 5 kwa 6, bila godoro. Siku 10 kinakuwa tayari." Bei ikafuata palepale, kwa tarakimu. Aliyewahi kununua kitu kupitia simu Dar es Salaam anajua kero ya "bei njoo inboksi", ambako ukifika unaulizwa kwanza uko wapi, pengine ili wakupime mfuko. Mzee alisita mwanzoni, akihofia wenzake wa jirani wataiona bei yake. Binti akamwambia wenzake wanaijua siku nyingi.

Tovuti yao ni ndogo, inaishia na .co.tz, na ina kurasa nne tu. Nilimuuliza ya nini wakati wateja wengi wanatokea Instagram na WhatsApp. Akanikumbusha Jumatatu ya tarehe 4 Oktoba 2021, pale Facebook, Instagram na WhatsApp zilipozimika kwa pamoja takriban saa sita, dunia nzima. Huku kwetu ilikuwa jioni, saa ambazo watu wametoka kazini na wanaanza kuuliza bei. Yeye alikuwa mgeni kazini, akawa akiwasha na kuzima simu akidhani bando limeisha. Tangu hapo kila bidhaa inawekwa kwenye tovuti kwanza, mitandaoni baadaye, na tarehe ya kulipia jina la tovuti kila mwaka imeandikwa kwa chaki ukutani, juu ya msumeno.

Picha ya simu yake ina uzito wa megabaiti nne hivi. Kabla ya kuipandisha kwenye tovuti anaipunguza mpaka kilobaiti 150, anaikuza kuangalia kama mistari ya mninga bado inasomeka, akiona imeharibika anarudia. Halafu anachukua simu ya zamani yenye kioo kilichopasuka, anazima waifai na kufungua ukurasa kwa bando, akihesabu kimoyomoyo. Mteja wake huenda yuko kwenye daladala, na bando lake ni la siku moja.

Kwenye ujumbe hamwiti mtu "mpendwa". Mama mmoja aliuliza sofa la watu watatu kwa ajili ya nyumba ya Dodoma, akajibiwa kwa swali: mlango wako wa sebuleni una upana gani, mama? Mama akapima. Sofa lisingepita. Likatengenezwa upya kwa miguu ya kufungua, na mauzo yakachelewa wiki nzima.

Lilipofika, binti aliomba picha likiwa sebuleni, na ruhusa ya kuiweka ukurasani. Mama akakubali, ila akaomba asubiriwe kwanza abadilishe mapazia. Leo ni siku ya nne. Asubuhi nilimwona binti akifungua simu, akacheka, akaiweka kando na kuendelea kupangusa droo.