Nukta, Mstari na Msimulizi: Uhakiki wa Michoro ya Uandishi wa Pamoja Kaskazini Mashariki mwa Kenya

Uchoraji wa mitandao ya uandishi wa pamoja umekuwa sehemu ya kazi ya ukutubi vyuoni. Mkutubi hukusanya kumbukumbu za machapisho, kisha programu kama VOSviewer, iliyobuniwa katika Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, humgeuza kila mwandishi kuwa nukta na kila ushirikiano kuwa mstari. Mchoro huo hupokewa kana kwamba ni kioo cha utafiti. Makala haya yanauchukulia kuwa ni matini: una mtunzi, una sarufi yake, na una yale unayoyanyamazia. Kaskazini Mashariki mwa Kenya ni mahali ambapo ukimya huo hudhihirika.

Tatizo la kwanza ni jina. Msomali hana jina la ukoo la aina inayotarajiwa na hifadhidata. Hufuatanisha jina lake, la babake na la babu yake. Mashine hulitwaa la mwisho na kuyafupisha yaliyotangulia. Hivyo basi, watafiti wawili wasiojuana huweza kuunganishwa kuwa A. H. Mohamed mmoja mwenye washirika tele. Naye mtafiti mmoja, akiandikwa Mohamed hapa na Maxamed kule kwa hati ya Kisomali iliyorasimishwa mwaka 1972, hupasuka kuwa nukta mbili.

Tatizo la pili, ambalo ni zito zaidi, ni cheo. *Hikmad Soomaali*, kitabu cha mwaka 1956, kinamtaja Muuse Galaal kuwa mwandishi na B. W. Andrzejewski kuwa mhariri. Kanuni inayohesabu waandishi peke yao haichori mstari wowote kati yao. Mwaka 1963 wawili hao walichapisha pamoja makala kuhusu malumbano ya kishairi ya Kisomali, na mstari ukazaliwa. Vivyo hivyo, *Identities on the Move* (1989), utafiti wa Günther Schlee kuhusu koo za wafugaji wa kaskazini mwa Kenya, una mwandishi mmoja. Ilhali majalada mawili ya mwaka 2012 yanabeba pia jina la Abdullahi Shongolo. Msomaji wa mchoro ataona kukua kwa ushirikiano. Mhakiki hana budi kuuliza: kilichobadilika ni ushirikiano wenyewe, au ni desturi ya kuutaja? Mchoro hauwezi kujibu.

Swali hilo ndilo linalomgusa msimulizi. Historia za koo hazikutoka kabatini. Zilitoka vinywani mwa wazee. Wahakiki wa fasihi simulizi wamekwisha kukataa kumwona msimulizi kuwa chombo tu cha kupitishia maneno. Itakuwa ajabu mtazamo huo ukirudishwa na kompyuta.

Yamkini mtetezi wa michoro atasema kwamba haidai kuonyesha zaidi ya machapisho. Hoja hiyo ingetosha lau isingetumika kupima watu na vyuo. Mnamo tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, wakati huo kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi, na masomo hayakurejea hadi Januari 2016. Pengo lolote la miaka hiyo katika mchoro litasomwa kuwa uzembe, kwa kuwa nukta isiyokuwapo haielezi sababu ya kutokuwapo kwake.

Dawa si kuitupa michoro, bali kuihariri kama matini nyingine. Majina yahakikiwe kwa mkono na mtu anayeijua lugha. Orodha ya maktaba imwandike msimulizi, mkalimani na mkusanyaji, kila mmoja kwa cheo chake na kwa idhini yake, ndipo mistari ichorwe. Ukutubi wa Garissa una mfano wake wenyewe: mwaka 1996 ulikataa kumngoja msomaji jengoni, ukapakia vitabu juu ya ngamia na kumfuata mfugaji alikokuwa. Safari hiyo ilipeleka maandishi kwa wenyeji. Iliyobaki ni ile ya kuyaleta majina ya wenyeji kwenye maandishi.