Pete ya Marcellus na Dole Gumba la Bibi

Bibi yangu hajui kuandika jina lake. Saini yake ni dole gumba, na dole hilo ndilo lililouza kipande cha shamba letu hapa Bigwa, pale barabara inapouacha mji wa Morogoro na kuelekea Matombo na Kisaki. Aliambiwa karatasi ile ni ya kuthibitisha mipaka tu. Ndugu mmoja akamshika mkono, kidole kikachovywa kwenye wino wa zambarau, kikagandamizwa mara mbili. Miezi michache baadaye lori likaja kumwaga mchanga chini ya mwembe wake.

Siku hizo nilikuwa nikisoma habari za pete za Warumi wa kale, zile zenye vito vilivyochongwa picha ndogo ndogo. Nilivutwa na uzuri wake. Baada ya kisa cha bibi nikaanza kuona kwamba wengi tunaozisifu pete hizi tunazisoma vibaya.

Angalia zinavyoonyeshwa. Makumbusho huweka picha ya akiki nyekundu yenye ukubwa wa punje ya mahindi, imekuzwa mpaka inajaza kioo cha simu. Maelezo husifu nywele za mungu Apollo, misuli ya farasi, mikunjo ya nguo. Sifa hizo ni za haki. Chuma peke yake hakiwezi kuichimba akiki. Fundi alizungusha ncha ndogo kwa upinde, huku kazi ya kukata ikifanywa na unga wa msasa uliochanganywa na mafuta. Msasa huo ni wa jamii moja na rubi, zile zinazotoka kwenye milima yetu ya Uluguru na kupita hapa Bigwa mifukoni mwa wachimbaji wadogo.

Lakini ukimsikiliza mnunuzi wa rubi, atakwambia thamani ni jiwe: rangi yake, uzito wake, usafi wake. Kwa Mrumi mara nyingi mambo yalikuwa kinyume. Asiyeweza kununua akiki alivaa kioo cha rangi kilichomiminwa kwenye kalibu, na asiyeruhusiwa dhahabu alivaa pete ya chuma. Alichokihitaji ni alama. Barua ilifungwa kwa uzi, nta ikawekwa juu ya fundo, pete ikagandamizwa. Hata ghala la chakula lilitiwa muhuri ili watumishi wasiibe, na Pliny, mwandishi wa karne ya 1, alilinung'unikia jambo hilo. Huyohuyo alisifu mawe ya jamii ya akiki kwa sababu hayang'ang'anii nta. Yaani hata alipopima ubora wa jiwe, alikumbuka kazi yake.

Ndiyo maana picha ya kito peke yake ni nusu ya habari. Kito kimechongwa kinyume. Uso unaotazama kushoto kwenye jiwe utatazama kulia kwenye nta, na herufi zinazoonekana zimepinduka zitasomeka sawasawa. Kazi yenyewe iko kwenye nta, na nta karibu yote imekwisha kupotea. Tulichobakiwa nacho ni kalamu, nasi tunaisifu kana kwamba ndiyo barua. Kitabu kizuri cha vito hivi huweka chapa ya plasta kando ya kila jiwe. Kisichofanya hivyo kimechagua pambo na kuacha neno.

Mtu akizisoma kama saini, pete huanza kusema. Mfalme Augustus kwanza alitia muhuri kwa picha ya sphinx, yule mnyama wa mafumbo. Watu wakamfanyia mzaha kwamba barua zake nazo ni mafumbo. Kisha akatumia uso wa Aleksanda Mkuu. Mwisho akatumia uso wake mwenyewe, uliochongwa na fundi aitwaye Dioscurides. Mimi naona pale mtu akitafuta jina la kujiita: anaanza kwa kujificha, anaazima ukubwa wa mwingine, halafu anathubutu kuwa yeye.

Na saini ikishakuwa kitu cha kushikika, yaweza kuibwa. Mwaka 208 KK, katika vita na Hannibal, jemadari Marcellus aliuawa na pete yake ikaangukia mikononi mwa adui. Hannibal akaandika barua kwa jina la maiti, akaitia muhuri halali, akaipeleka mji wa Salapia: Marcellus anakuja usiku ujao, mfungulieni. Lakini mwenzake Marcellus, Crispinus, ingawa alikuwa na majeraha, alikuwa ametuma watu kwenye miji ya jirani kuonya kwamba pete imepotea na barua zake zisiaminiwe. Watu wa Salapia wakafungua lango, wakaacha askari wa mbele waingie, kisha wakaliangusha.

Bibi yangu hakuwa na Crispinus. Dole haliwezi kuibwa kama pete, ndivyo tunavyodhani, maana liko mwilini. Lakini laweza kushikwa na mkono wa mtu mwingine likiwa bado mwilini. Alama ilikuwa halali. Maneno yaliyo juu yake hayakuwa yake.

Mwezi Agosti 2023 Makumbusho ya Uingereza huko London yalitangaza kwamba baadhi ya vitu vyake vimepotea, vimeibwa au vimeharibiwa. Baadaye ikatajwa idadi ya takriban 2,000, na vingi vilikuwa vito vya aina hii. Vingi havikuwa vimeandikwa kikamilifu kwenye orodha. Niliposoma hapo nilikumbuka shamba. Mipaka ya bibi ilikuwa mwembe, mfereji na kumbukumbu za wazee. Kitu kisichoandikwa ni rahisi kuondoka, na aliyenacho ndiye hudaiwa ushahidi.

Tuna methali: chanda chema huvikwa pete. Shuleni tulifundishwa kwamba mwenye tabia njema hutunukiwa. Sasa naliangalia zaidi lile neno *huvikwa*. Chanda hakijivishi, wala hakiulizwi. Methali inasifu kidole, lakini imemficha anayeshika pete, na huyo ndiye ningependa kumjua.

Suetonius anasimulia kwamba Tiberius, alipohisi mwisho wake umekaribia, aliivua pete kana kwamba anataka kumpa mtu. Akaishika kidogo, akairudisha kidoleni, akakunja ngumi ya mkono wa kushoto na kulala kimya muda mrefu. Sina mapenzi na Tiberius. Lakini ngumi ile naielewa.

Kipande kile hakijarudi. Juzi kijana mmoja alikuja na fomu ya kuandikisha wazee. Bibi alikunja ngumi, dole gumba akalificha ndani.

"Mjukuu wangu kwanza asome," alisema. "Asome kwa sauti."

Nikasoma. Akaniambia nirudie. Niliporudia mara ya pili, ndipo alipofungua mkono.