Meno ya Mtoto wa Mbwa: Soma Rangi Kabla ya Kusugua

Mtoto wa mbwa mwenye afya huwa na meno meupe. Hayajatafuna vya kutosha yakachakaa, wala hayajakaa kinywani muda wa kujenga ukoga mgumu. Kwa hiyo mbwa wa miezi mitano akionekana na meno ya manjano, kahawia au kijivu, mwenyewe asikimbilie mswaki wala unga wa mkaa. Mara nyingi rangi hiyo imo ndani ya jino lenyewe, na huenda iliingia wiki nyingi kabla jino halijachomoza. Daktari wa mifugo huitambua asili yake kwa kuuliza maswali matatu: Ni meno mangapi yaliyobadilika? Rangi imekaa sehemu gani ya jino? Uso wa jino ni laini au una mashimo?

Tuanze na kalenda ya kinywa. Meno 28 ya utoto huanza kuchomoza mbwa akiwa na wiki tatu hivi. Kuanzia miezi mitatu na nusu hadi saba hung'oka na kuyapisha meno 42 ya kudumu. Hata hivyo, jino la kudumu huwa limeshaumbwa zamani kabla ya kuonekana. Enameli, yaani gamba gumu la nje, hujengwa ndani ya taya hasa katika miezi mitatu ya kwanza ya maisha, kuanzia nchani kushuka kuelekea ufizi. Enameli ya mbwa ni nyembamba, haifiki milimita moja, na seli zinazoijenga hupotea jino linapochomoza. Kilichoharibika humo hakijirekebishi tena.

Meno yote, au karibu yote, yakiwa na manjano au kahawia iliyotulia huku uso wake ni laini, mshukiwa wa kwanza ni dawa za jamii ya tetrasaiklini. Mojawapo ni oksitetrasaiklini, ambayo wafugaji wetu wanaijua vizuri kwa kuwatibu ng'ombe na mbuzi. Molekuli ya dawa hii hushikana na kalisi. Akidungwa jike mwenye mimba, dawa hupita kwenye kondo la nyuma na kufika katika meno ya utoto yanayoumbwa tumboni; akidungwa mtoto mwenyewe, hukaa katika meno ya kudumu yaliyo bado tayani. Jino likichomoza huwa la manjano, na kadiri linavyopigwa na mwanga kwa miezi na miaka, hugeuka kahawia au kijivu.

Ushahidi wa jambo hili unaonekana kwa macho. Mwaka 1957 watafiti wa Marekani waliripoti kwamba mifupa ya wanyama waliopewa tetrasaiklini hung'aa kwa rangi ya manjano ikimulikwa kwa taa ya urujuanimno. Baadaye tabia hiyo iligeuzwa kuwa chombo cha kazi. Katika kampeni za kutega chambo chenye chanjo ya kichaa cha mbwa kwa mbweha wa Ulaya na rakuni wa Marekani, tetrasaiklini ilitiwa ndani ya chambo. Wanyama walipopatikana baadaye, meno yao yalikatwa vipande vyembamba na kumulikwa. Mstari unaong'aa ulithibitisha kwamba mnyama alikula chambo. Dawa inayoweza kuacha alama ya kudumu namna hiyo haifai kudungwa ovyo kwa jike mwenye mimba au kwa kitoto cha wiki sita. Habari njema ni kwamba doa hili ni la sura tu. Jino ni imara, na halihitaji kung'olewa.

Hali hubadilika uso wa jino ukiwa na vishimo, mikwaruzo au mikanda ya kahawia iliyobonyea. Hapo enameli yenyewe ilikatika ujenzi wake. Homa kali, utapiamlo mkubwa, na zaidi ya yote virusi vya distempa, hushambulia seli zinazojenga enameli. Aliyepona anabaki na mkanda wenye kasoro, na mahali ulipokaa mkanda huo huonyesha ugonjwa ulipiga lini: karibu na ncha ni mapema, karibu na ufizi ni baadaye. Dentini iliyo chini hubaki wazi, hunywa rangi ya chakula, na mbwa huumia akitafuna. Daktari anaweza kuziba sehemu hizo kwa utomvu maalumu, na ni vyema apige eksirei kwa sababu mizizi nayo huweza kuwa na kasoro.

Kwetu Afrika Mashariki distempa haina mzaha. Mwaka 1994 virusi hivyo viliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, na uchunguzi ulielekeza kwa mbwa wa vijiji vya jirani. Chanjo yake huanza mtoto akiwa na wiki sita hadi nane, na hurudiwa kila baada ya wiki mbili hadi nne mpaka afikishe wiki 16. Chanjo hiyo hulinda uhai kwanza, na meno pamoja nao.

Swali la idadi ndilo linalookoa meno mengi zaidi. Jino moja tu likigeuka waridi, zambarau au kijivu, limegongwa. Damu imevuja ndani ya moyo wa jino. Utafiti wa daktari wa meno ya wanyama Fraser Hale wa Kanada, uliochapishwa mwaka 2001, ulichunguza meno 64 ya mbwa yenye doa la namna hii na kukuta zaidi ya tisa katika kila kumi moyo wake umekufa, wote au sehemu yake. Mengi hayakuonyesha dalili katika eksirei. Kwa hiyo kusema "litang'oka lenyewe" ni kosa, hata kwa jino la utoto, maana usaha wa mzizini hukaa jirani kabisa na chipukizi la jino la kudumu. Wala usiling'oe kwa koleo nyumbani: mzizi wa chonge la utoto ni mrefu na mwembamba, hukatikia ndani. Kazi hiyo ni ya daktari, mbwa akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi.

Rangi ya nje, yaani ukoga wa manjano kandokando ya ufizi, ndiyo pekee inayotibika kwa mswaki. Tumia mswaki laini na dawa ya meno ya mbwa. Dawa za binadamu zina floridi, na baadhi zina zailitoli ambayo ni sumu kali kwa mbwa. Ndimu na mchanga hula enameli ambayo hairudi.

Kwa hiyo, mfugaji, fungua kinywa cha mtoto wa mbwa kila wiki mpaka atimize miezi saba. Kamilisha chanjo zake. Kabla sindano yoyote haijachomwa, mwambie daktari kama jike ana mimba au ananyonyesha. Na ukiona jino moja limebadilika rangi, mpeleke mbwa wiki hiyo hiyo.