Fundi Aliyekaa Kitini: Jeraha na Kazi katika Sanaa ya George Lilanga

Uhakiki wa sanaa za ufundi katika nchi yetu haujapiga hatua kama uhakiki wa fasihi. Mashairi ya Shaaban Robert yamechambuliwa, riwaya za Euphrase Kezilahabi zimejadiliwa na kupingwa, tamthilia za Ebrahim Hussein zimefundishwa shuleni kwa miaka mingi. Bali mchongaji na mchoraji wameachiwa wageni wawaeleze, na wageni hao aghalabu hueleza kile ambacho mnunuzi angependa kukisikia. Kutokana na hali hiyo, msanii wa ufundi akipatwa na jeraha linalomlemaza, maelezo yanayomfuata huwa ya aina mbili tu. Ama huonewa huruma, na kazi zake za baadaye zikapokewa kwa upole anaopewa mgonjwa. Ama mateso yake hutukuzwa, ikaonekana kwamba maumivu ndiyo yaliyozaa sanaa. Makala haya yanakusudia kuzikataa njia zote mbili, kwa kuzitazama kazi za miaka ya mwisho ya George Lilanga, Mmakonde aliyeendelea kuchora baada ya kukatwa miguu.

Lilanga alizaliwa mwaka 1934 katika sehemu za kusini ambazo leo ni Mkoa wa Mtwara. Alianza kuchonga kwa mizizi ya muhogo, akaendelea na miti laini, na hatimaye akaufikia mpingo. Katika miaka ya 1970 alihamia Dar es Salaam, na kwa msaada wa mjomba wake, mchongaji Augustino Malaba, akapata kazi Nyumba ya Sanaa. Kazi yenyewe ilikuwa ya ulinzi. (Jambo hili lafaa kukumbukwa na wale wanaodhani kipaji hutambulikana kwa cheo cha mtu.) Hapo Nyumba ya Sanaa alianza kuchora: juu ya ngozi za mbuzi, juu ya vitambaa vya batiki, juu ya mabati, kisha juu ya hadibodi na turubai kwa rangi za mafuta zinazong'aa. Mwaka 1978 kazi zake zilioneshwa Washington, Marekani. Mwaka 2004 zilikuwamo katika maonesho ya Africa Remix yaliyofunguliwa Düsseldorf, Ujerumani. Mwaka uliofuata alifariki dunia. Kati ya tarehe hizo ndipo ugonjwa wa kisukari ulipomshika, ukamfikisha kwenye kisu cha daktari na kiti cha magurudumu.

Ili tuelewe ni kitu gani hasa alichopoteza, hatuna budi kuutazama mwili wa mchongaji akiwa kazini. Yeyote aliyekaa na wachongaji wa Kimakonde, tuseme pale Mwenge, amemwona fundi amekaa chini, miguu kainyoosha, gogo kalibana kwa nyayo au mapaja, tezo mkononi. Hana meza wala jiliwa. Miguu yake ndiyo jiliwa. Huligeuza gogo kwa vidole vya mguu, hulikaza kwa kisigino, na hulisikia kupitia ngozi linapotaka kupasuka kabla jicho halijaona ufa. Mwandishi akikatwa mguu hubaki na kalamu yake. Mchongaji akikatwa miguu amenyang'anywa zana mbili, na zana hizo hazinunuliwi dukani.

Hapo ndipo watu wanapokimbilia kusema kwamba ugonjwa ulimwondoa Lilanga katika mpingo na kumfanya mchoraji. Wanakosea tarehe. Rangi ilikuwa imekwisha kuwa kazi yake kubwa miaka mingi kabla ya kisu. Lakini hata alipokuwa akichora, alichora kama mchongaji. Watazame viumbe wake: matumbo yaliyofura, masikio mapana, midomo minene, macho ya kutokeza, nyayo zenye vidole viwili vitatu vinene. Kila umbo limezungushiwa mstari mzito, mithili ya ukingo wa kinyago uliokatwa kwa patasi, na nafasi iliyobaki nyuma imejazwa nukta na madoadoa hadi pasibaki mahali pa kupumzisha jicho. Ni mashetani wa Kimakonde walioteremka kutoka kwenye mpingo wakaingia mtaani: wanabishana, wanabeba watoto, wanakwenda hospitali, wanacheza. Na majina ya picha hizo ni marefu, mengine yanakaribia kuwa sentensi nzima ya Kiswahili, kama maneno aliyoyasikia mtu akipita barazani.

Wachongaji wenyewe husimulia asili ya mtindo huo wa shetani kwa kisa cha Samaki Likankoa. Inasemekana kwamba katika miaka ya 1950 alikuwa akichonga sanamu ya mtu, mkono wa sanamu ukavunjika, na badala ya kutupwa, kile kilichovunjika kikampendeza mfanyabiashara Mohamed Peera wa Dar es Salaam, naye akahimiza vichongwe vingine vya namna ile. Kisa hicho kina chumvi yake, kama visa vyote vya asili. Hata hivyo kinatuonesha kwamba ndani ya mapokeo haya mwili usiotimia haukuwa aibu. Ulikuwa mlango.

Wala fikra hiyo si ya Wamakonde pekee. Twende Fukayosi, katika Wilaya ya Bagamoyo, kwenye barabara itokayo mji mkongwe wa pwani kuelekea Msata, katika nchi ya Wakwere na jirani zao Wazaramo na Wadoe. Sanaa inayojulikana zaidi ya eneo hili ni mwanahiti, kinyago kidogo cha kushikika mkononi ambacho mwali alipewa alipokuwa ndani. Kina kichwa chenye kishungi cha nywele, mara nyingi viwili. Kina matiti na kitovu. Hakina mikono wala miguu. Mwali alikitunza kama mtoto, akakipaka mafuta, akakitengeneza nywele. Fundi aliyekichonga hakushindwa kuchonga miguu. Aliiacha, kwa sababu maana aliyoitaka ilikuwa imekwisha kutimia katika kiwiliwili. Basi mtu wa Fukayosi akiambiwa kwamba mwili bila miguu ni mwili pungufu, anayo hoja ya kujibu, tena ya mti, na ya zamani kuliko Nyumba ya Sanaa.

Katika sanaa za maonesho jambo hili linafahamika zaidi. Mpigaji mkuu wa ngoma akiumia kifundo cha mkono hafukuzwi uwanjani. Hukaa kando, akatamka mapigo kwa mdomo, na kijana aliye mbele ya ngoma akayapiga. Wachezaji humsikia nani? Humsikia fundi. Wanafunzi wa Chuo cha Sanaa kilichoanzishwa Bagamoyo mwaka 1981, ambacho tangu 2007 ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, wamefundishwa na mafundi wa namna hiyo, na hakuna aliyeuliza kama pigo ni halali.

Ajabu ni kwamba swali hilo huulizwa upesi tunapofika kwenye picha. Lilanga alifanya kazi pamoja na vijana, baadhi yao wakiwa wamelelewa katika mtindo wa Tingatinga: yeye akichora mstari, wao wakijaza rangi. Utaratibu huo ulikuwapo kabla ya kukatwa miguu, lakini baada ya hapo ulizidi kuwa nguzo ya kazi yake. Wako wanaozishusha thamani kazi hizo kwa kusema kwamba mkono si wake. Kwa hakika hoja hiyo haikutoka kwetu. Imetoka katika soko linalouza saini, ambamo picha ina bei kwa kuwa mtu mmoja ameigusa. Na hata huko ilikotoka haishikwi kwa wote. Mfaransa Henri Matisse, baada ya upasuaji wa mwaka 1941, alikaa kitini na kitandani akikata kwa mkasi karatasi zilizopakwa rangi na wasaidizi wake, nao wakazibandika ukutani kwa maelekezo yake. Kazi hizo zimetukuzwa kuwa kilele cha uzee wake. Kilichoitwa ubunifu kwa Matisse kisiitwe udanganyifu kwa Lilanga.

Tofauti na Frida Kahlo wa Meksiko, ambaye baada ya kuumia katika ajali ya basi mwaka 1925 aliufanya mwili wake uliovunjika kuwa mada ya picha zake, Lilanga hakujulikana kwa kujichora akiwa kitini. Viumbe wake waliendelea kusimama na kurukaruka kwa zile nyayo nene. Malengo ya msanii huyu tusiyatafute katika hotuba. Yamo humo. Alitaka mtaa uendelee kusogea katika picha ingawa yeye amekaa, na mtaa ukasogea.

Hata hivyo uhakiki usiwe wa kusifu tu. Katika kazi zilizotoka chini ya jina lake zimo zilizochoka. Mistari inajirudia, rangi zimepangwa kwa mazoea, kiumbe yule yule kahamishwa kutoka hadibodi moja hadi nyingine bila jambo jipya la kusema. Lakini tuitafute sababu mahali pake. Jeraha halikumchosha mchoraji kiasi cha oda. Kisukari kinadai dawa kila siku ya maisha, na mchoraji wetu hana mshahara wala pensheni. Hulipwa siku anapouza, basi. Picha ikiuzwa tena Ulaya kwa bei mara nyingi ya ile ya kwanza, habari hizo humfikia kama uvumi. Baraza la Sanaa la Taifa tumelipata mwaka 1984, na sheria ya hakimiliki mwaka 1999. Vyombo hivyo vina faida, ila msanii aliyelazwa wodini anahitaji kitu kilicho karibu zaidi na kitanda chake. Kijana wa Fukayosi anayechonga, akianguka juu ya mnazi leo, ataulizwa kwanza ni nani atakayemlipia nauli ya kwenda hospitali ya wilaya. Sanaa yake itaulizwa baadaye, ikiwa itaulizwa.

Liko jambo moja zaidi, nalo linamhusu Lilanga mwenyewe pamoja nasi tunaomsoma. Katika vinyago vya ujamaa vya Kimakonde, watu wamebebana kutoka chini hadi juu, na wa chini kabisa ana uso wake, umechongwa kwa makini sawa na wa juu. Picha za miaka ya mwisho zilibebwa na mabega ya vijana wengi. Walimletea fundi ubao, wakauweka mbele ya kiti chake, wakaupokea ukiwa na mistari, wakaujaza nukta moja baada ya nyingine mpaka usiku. Pembeni mwa picha limeandikwa jina moja. Wengi wa vijana wale leo ni wazee, na orodha ya majina yao inaweza bado kuandikwa wakiulizwa.