Bati Jipya, Dari Inatona

Ilikuwa Julai mjini Njombe, wiki kadhaa bila tone la mvua, na bado kila asubuhi dari ya jipsamu ilikuwa na madoa mapya ya maji. Bati lilikuwa na miezi miwili tu: la zamani lenye kutu liliezuliwa, likaezekwa jipya la geji 28. Fundi aliitwa, akapanda juu, akapaka silikoni kila msumari. Usiku uliofuata paa likatona vilevile.

Ubishi kama paa linavuja au la uliisha saa kumi na moja alfajiri. Tuliinua kipande cha dari, nikapitisha kidole upande wa chini wa bati. Maji yalikuwa yametanda bati zima, hata pasipo na msumari wala maungio. Paa linalovuja lina mahali pake. Hili lilikuwa linatoka jasho.

Usiku anga likiwa wazi, bati hutoa joto lake kwenda angani. Kwa kuwa unene wake haufiki nusu milimita, halina akiba ya joto, hivyo hupoa kuliko hata hewa ya nje. Hewa ya ndani yenye nyuzi 18 na unyevu wa asilimia 75 huanza kuacha maji ikigusa kitu chenye nyuzi 13 na nusu au pungufu. Baridi ya Njombe hulifikisha bati hapo mapema. Mvuke wenyewe hutoka kwa waliolala, sufuria za jikoni na nguo zinazoanikwa ndani.

Mbona bati la zamani halikutona? Lilikuwa na mianya: kofia ya paa iliyoinuka, matundu ya misumari, ukingo ulioachwa wazi. Kazi mpya iliziba yote, fisha bodi, yaani ubao wa ukingo wa paa, ikabanwa hadi ukutani, na mvuke uliopanda darini ukakosa pa kutokea.

Marekebisho yalianza kwa kuezua tena. Juu ya kenchi ilitandazwa karatasi maalumu ya chini ya bati, inayopitisha mvuke lakini isiyopitisha maji, ikaachwa ilegee kidogo kati ya kenchi na kenchi. Ncha yake ya chini ilivushwa ukuta ili tone lolote lidondokee nje. Juu yake, kufuata kila kenchi, zilipigiliwa fito za milimita 25, ndipo zikafuata papi na bati. Nafasi iliyobaki kati ya karatasi na bati ndiyo njia ya hewa. Nailoni ya kawaida isingefaa: ingefungia mvuke chini yake na kuozesha mbao.

Kisha matundu ya hewa. Kanuni moja ya ujenzi ya Marekani hutaka eneo la matundu lisipungue sehemu moja ya 150 ya eneo la dari. Kwa dari ya mita za mraba 60, hiyo ni mita ya mraba 0.4. Nusu iliwekwa chini ya ukingo, nusu kwenye kofia, yote kwa wavu. Mwisho, matundu ya nyaya darini yalizibwa na mvuke wa jiko ukapewa bomba la kuutoa nje.

Matundu peke yake yasingetosha, kwa sababu hata hewa ya nje hutoa umande kwenye bati baridi. Karatasi hudaka kinachobaki. Yote haya ni rahisi paa likiwa wazi, na ni ghali likishafungwa. Kwa hiyo kabla msumari wa kwanza haujapigwa, muulize fundi wako: hewa itaingilia wapi, na itatokea wapi?