Mgeni Asiyepewa Jembe: Tunavyoandika Kuhusu Loji

Msemo tunaujua sote: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Loji ya kitalii ni mahali ambapo msemo huu umesimamishwa kazi. Unaweza kukaa wiki nzima na jembe usilione, mradi umelipa. Unaamshwa kwa chai, unapelekwa kutazama wanyama, unarudi ukute kitanda kimetandikwa na chandarua kimeshushwa. Nani ametandika? Hilo swali ndilo lililonifanya niandike makala haya, kwa sababu nimesoma vitabu vingi vya wageni wa namna hii, na mtandika kitanda ndani yake ni vigumu kumpata.

Mwaka huu nilikaa siku nne Shaba, upande wa mashariki ya Archers Post, kaskazini mwa Kenya. Ni nchi kavu kwelikweli: mawe meusi ya volkano, migunga, mikoma kando ya mto Ewaso Nyiro. Shaba si hifadhi ya taifa. Iko chini ya serikali ya kaunti ya Isiolo, kama Buffalo Springs. Samburu ya jirani iko chini ya kaunti yake. Wanyama wake hawafanani na wale wa Mara. Kuna choroa, swala twiga anayesimama kwa miguu miwili kula majani, punda milia wa Grevy mwenye mistari myembamba, na mbuni mwenye miguu ya buluu. Yaani kuna mengi ya kuandika, na watu wameandika.

Rafu ya vitabu pale sebuleni ilikuwa na vile vile vya siku zote. Nitavichukua viwili, maana vimetufundisha sote kuandika juu ya pori, hata sisi ambao hatujavisoma.

Cha kwanza ni Green Hills of Africa cha Ernest Hemingway, kilichotoka 1935. Hemingway aliwinda Tanganyika mwishoni mwa 1933 na mwanzoni mwa 1934, na kitabu chake kinakwenda kwa mwendo wa kumfuata tandala. Tumtendee haki: ana macho. Wivu wake kwa mwindaji mwenzake anauanika bila aibu, na M'Cola, mbeba bunduki wake, anamwachia nafasi ya kucheka, kununa na kumpima bwana wake. Ni zaidi ya wengi waliofuata. Ila M'Cola anaishi pale tu Hemingway anapomtazama. Kambi ikilala, naye anazimika kama taa. Kiswahili chenyewe kwenye kitabu hicho kimebaki vipande vya amri na majina ya wanyama, lugha ya mtu anayeagiza.

Cha pili kiko karibu zaidi na Shaba. Born Free cha Joy Adamson kilichapishwa 1960. Mumewe, George, alikuwa askari mkuu wa wanyamapori akiwa na makao Isiolo, na wao ndio waliomlea Elsa, simba jike, kisha wakamfundisha kuishi porini. Wana-simba walikuwa watatu, na wa kuwalea alikuwa Nuru, mtunza bustani aliyebadilishiwa kazi. Hapo ndipo mimi kama msomaji nilipokwama. Elsa tunamjua kwa wivu wake, uchovu wake, hata haya yake. Nuru tunamjua kwa kazi yake. Kitabu kina upendo mwingi, na upendo huo ni wa kweli, siubezi. Lakini umegawanywa kwa namna ambayo simba amekuwa mhusika, na mtu aliyemlea amekuwa sehemu ya mandhari.

Mtu anaweza kusema hiyo ni hoja ya wasomi tu. Sasa tazama kilichotokea Shaba kwenyewe. Joy Adamson alihamia huko na chui aliyempa jina Penny, na tarehe 3 Januari 1980 aliuawa karibu na kambi yake. Habari za kwanza zilizokwenda duniani zilisema ameuawa na simba. Baadaye uchunguzi ukaonyesha ni mkono wa mtu, na mahakama ikamtia hatiani kijana aliyewahi kuwa mfanyakazi wake. Sina nia ya kumtetea muuaji wala kufungua kesi upya. Ninachokiona, kama mtu anayeishi kwa kuandika habari, ni wepesi wa ile habari ya kwanza kuaminika. Vitabu vilikuwa vimetuzoeza kwamba porini mwenye matendo ni mnyama. Wafanyakazi wa kambi walikuwa pale muda wote, na hakuna msomaji aliyekuwa amefundishwa kuwaona kama watu wenye hasira, madeni na kisasi.

Binyavanga Wainaina alilikamata jambo hili mwaka 2005 katika makala yake ya kejeli, How to Write About Africa, iliyotoka kwenye jarida la Granta. Alimshauri mwandishi mgeni awape wanyama utu uliokamilika na watu awaache vivuli. Tukacheka sana. Nasema tulicheka tukijua anasemwa mwingine. Fungua leo kurasa za Kiswahili za wasafiri wetu wa ndani, wa Nairobi na Dar es Salaam, uone. Machweo, bwawa la kuogelea, kifungua kinywa chini ya mgunga, na mwishoni sentensi moja: wahudumu ni wakarimu sana. Basi. Mwandishi amebadilika, ila kiti ni kile kile. Kaskazini mwa Kenya misimu mitano ya mvua ilikosa mfululizo kuanzia mwishoni mwa 2020, mifugo ikafa kwa wingi, na wafanyakazi wa loji nyingi wanatoka kwenye maboma hayo hayo. Mtu anayekumiminia maji ya barafu anaweza kuwa amezika ng'ombe wa baba yake. Habari hiyo ipo mezani, ni suala la kuuliza tu.

Mhudumu mmoja niliyezungumza naye aliniambia kwamba akisikia simba usiku, kitu cha kwanza kinachomjia ni hesabu ya mbuzi wa mama yake. Kisha akaniuliza kama nataka mayai ya kukaanga au ya kuchemsha. Katika zile kurasa zote za rafuni sikuwa nimekutana na simba wa namna hiyo.

Wapo watakaosema Kiswahili hakina utamaduni wa maandishi ya safari, ndiyo maana tunaiga. Si kweli. Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha Safari za Wasuaheli, na humo kuna masimulizi ya Selim bin Abakari, mtumishi aliyefuatana na bwana wake, Mjerumani Bumiller, hadi Urusi na Siberia mwaka 1896. Fikiria: ni M'Cola anayeandika kitabu! Selim anawatazama Warusi kama wasafiri wa Ulaya walivyotutazama sisi, kwa mshangao wa mtu aliyetoka mbali na mwenye akili zake. Ndiyo, mhariri alikuwa Mjerumani, na lazima tumsome tukikumbuka mkono huo. Hata hivyo mtumishi pale ndiye jicho. Bwana ndiye anayeonekana kwa pembeni.

Kwa hiyo mfano tunao, tena wa zamani kuliko Hemingway. Tunachokosa ni kitabu cha loji kilichoandikwa na aliyeshika jembe: mpishi anayekaa wiki kadhaa bila kwenda nyumbani, dereva anayejua choroa wamelala wapi na mgeni gani atadai arudishiwe hela kwa kumkosa chui, mlinzi anayewasindikiza watu kwenye mahema usiku na tochi moja. Wanawajua wageni kuliko wageni wanavyolijua pori. Kitabu hicho kikija, sitashangaa kikiwa na wanyama wachache na mazungumzo mengi ya jikoni.

Kabla hakijaja, nawaomba wenzangu wanaoandika safari kwa Kiswahili kitu kimoja. Usimalize makala kwa kusema wahudumu ni wakarimu. Ukarimu wanalipwa kuutoa, na wakati mwingine wanalipwa kwa kuchelewa. Andika jambo moja ambalo mmoja wao analijua na wewe ulikuwa hulijui, ukimwomba ruhusa kwanza. Kama katika siku zote ulizokaa hukulipata hata moja, andika hivyo, msomaji atajua ulisafiri kwa umbali gani.